Anza na aliyeshindwa: jinsi ya kupima haki katika kesi yoyote

Watu wakibishana kuhusu kesi, iwe ya kitabu cha historia, ya sinema au ya taarifa ya habari, swali linalotangulia huwa hili: alifanya au hakufanya? Wewe uliyekaa nje ya mahakama kwa kawaida huwezi kulijibu. Hukuwaona mashahidi, hukushika vielelezo, hukusikia nani alisita kabla ya kujibu. Lakini kuna swali unaloweza kulijibu hata kama kesi ilikwisha karne nyingi zilizopita: yule aliyeshindwa, alisikilizwa? Nitakueleza namna ya kuliuliza mpaka likupe jibu.

Nimekuwa mkalimani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Mkalimani husimama kando ya kizimba, karibu na mshtakiwa kuliko mtu mwingine yeyote chumbani. Wengi niliosimama nao walitiwa hatiani, na baadhi yao niliamini kabisa kwamba walitenda. Hata hivyo hawakuondoka kwa namna moja. Yuko anayesomewa hukumu akijua kwamba kila hoja yake ilipokelewa na kujibiwa. Huyo hukasirika, hulia, humwambia wakili wake akate rufaa. Na yuko yule ambaye hukumu ikishasomwa hunigeukia na kuuliza, "Wamesemaje?" Maneno yote nimemfikishia, kesi ndiyo iliyompita. Ilikwenda kwa mwendo wa watu wenye haraka, na sasa askari ameshamshika mkono. Kwa sababu yake, kila kesi ninayosoma naanza kwa kumtafuta yeye.

Mpe aliyeshindwa sentensi sita

Chukua karatasi. Juu andika jina la aliyeshindwa, kisha eleza upande wake kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba anasema mwenyewe. Sentensi sita zinatosha. Usiandike "alikana mashtaka", maana hayo ni maneno ya jalada. Andika anachokikana na sababu yake. Ukimaliza, pigia mstari kila hoja, halafu rudi kwenye kesi uone nani aliijibu na wapi. Hoja isiyojibiwa ndipo pa kuchimba.

Tumjaribu Kapteni Alfred Dreyfus. Desemba 1894 mahakama ya kijeshi mjini Paris ilimtia hatiani kwa kosa la kuwapa Wajerumani siri za jeshi la Ufaransa. Ushahidi mkuu ulikuwa barua moja iliyotolewa kwenye takataka za ubalozi wa Ujerumani, na ubishi wote ulikuwa juu ya mwandiko. Ukimwandikia sentensi zake utapata kitu kama hiki: mwandiko huu si wangu, wataalamu mliowaita wenyewe hawakubaliani, familia yangu ina mali, sina shida ya fedha ya kunifanya niuze siri, nionyesheni kingine mlicho nacho. Sasa tafuta majibu. Hoja ile ya mwisho ndiyo inayoumiza, kwa sababu walikuwa na kingine na hawakumwonyesha. Majaji walipoingia faragha kujadiliana waliletewa jalada la siri. Dreyfus hakulijua, na wakili wake, Edgar Demange, hakulijua.

Hapo unaweza kuweka kalamu chini na kusema haki haikutendeka. Huna haja ya kusubiri kujua kwamba barua ile iliandikwa na Meja Esterhazy, wala kwamba Dreyfus alisafishwa jina mwaka 1906, baada ya kupitia kifungo cha Kisiwa cha Ibilisi na hukumu ya pili iliyomtia hatiani tena mwaka 1899. Hata angekuwa msaliti kweli, hukumu ya 1894 ilioza tangu jalada lile lilipovuka kizingiti cha chumba cha majaji. Nasisitiza hili kwa sababu masimulizi mengi ya kesi hii yanaweka uzito wote kwenye kutokuwa na hatia kwake, na msomaji huondoka akidhani kwamba mwenye hatia angestahili kuhukumiwa kwa karatasi asizoziona. Hastahili. Wala hakuna anayejua kwamba ana hatia mpaka karatasi hizo ziwekwe mezani.

Angalia tarehe, angalia lugha

Baada ya hoja, andika tarehe mbili: ya kukamatwa na ya kesi kuanza kusikilizwa. Zikiwa mbali mno, mtu ameoza mahabusu. Zikiwa karibu mno, hakuna aliyejiandaa kumtetea.

Vijana weusi tisa walikamatwa Alabama, Marekani, tarehe 25 Machi 1931, baada ya ugomvi ndani ya treni ya mizigo, wakashtakiwa kwa kuwabaka wanawake wawili wazungu. Kesi zilianza Scottsboro tarehe 6 Aprili. Ukihesabu, ni chini ya wiki mbili, na mashtaka yale adhabu yake ilikuwa kifo. Jaji alikuwa amewateua mawakili wote wa mji kwa jumla, jambo ambalo maana yake ni kwamba hakuna aliyejiona ameteuliwa. Asubuhi ya kesi ndipo ikajulikana nani hasa atasimama upande wao. Wanane kati ya tisa walihukumiwa kifo. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta hukumu za saba kati yao, na sababu yake haikuwa kwamba vijana wale hawakutenda. Ilisema hawakupata wakili kwa maana ya kweli ya kupata wakili. Mwaka uliofuata mmoja wa wanawake wale wawili alipanda kizimbani akasema hawakubakwa. Angalia mpangilio wa mambo hayo: kasoro ya utaratibu iligunduliwa kwanza, ukweli ukafuata. Mara nyingi huwa hivyo, na ndiyo maana napenda kuanza na utaratibu.

Kisha lugha. Uliza mshtakiwa alihukumiwa kwa lugha gani na nani alibeba maneno yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupewa mkalimani bila malipo, lakini mkataba hauwezi kukuambia mkalimani huyo ni nani. Katika kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, iliyoanza mwishoni mwa 1952 Kapenguria, mahali palipochaguliwa mbali na Nairobi, mkalimani alikuwa Louis Leakey, mtafiti mzungu wa mambo ya kale aliyezaliwa Kenya. Kikuyu alikijua tangu utoto wake. Lakini alikuwa pia ameshajitokeza hadharani kuipinga Mau Mau, na mawakili wa utetezi wakiongozwa na D. N. Pritt walikataa maneno ya washtakiwa yapitie kwake. Leakey akajiondoa. Wapo wanaoliona jambo hilo dogo ndani ya kesi kubwa. Mimi naliona kwa jicho la kazi yangu: mtu anayechagua kama mshtakiwa amesema "labda" au "ndiyo" ana uzito wa shahidi, ila yeye hahojiwi na upande wa pili. Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Mwaka 1958 shahidi muhimu wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Nenda sasa Nuremberg, Ujerumani, Novemba 1945, viongozi wa Hitler waliposhtakiwa baada ya kushindwa vita. Washtakiwa walivaa visikilizi wakafuata kesi kwa Kijerumani, huku wengine wakiifuata kwa Kiingereza, Kifaransa au Kirusi, maneno yakitafsiriwa papo kwa papo. Palikuwa na taa mbili. Ya njano ikiwaka, anayezungumza apunguze kasi. Nyekundu ikiwaka, anyamaze. Kila nikisoma habari za taa hizo nasisimka. Majaji na waendesha mashtaka wa dola nne zilizoshinda vita walikubali kusimamishwa katikati ya sentensi ili Göring, mmoja wa wakubwa wa Hitler, asikie sawasawa anachoshtakiwa.

Mjaribu unayemchukia

Hapa ndipo wengi huacha. Kumwandikia Dreyfus ni rahisi kwa sababu tunampenda. Kipimo chako hakijawa kipimo mpaka umwandikie mtu ambaye ungetaka ashindwe.

Kwa hiyo mwandikie Amiri Karl Dönitz, kamanda wa nyambizi za Hitler, aliyepanda akawa mkuu wa jeshi lote la majini. Hoja yake moja ilikuwa kwamba nyambizi za Marekani zilipigana katika Pasifiki kwa namna ileile anayoshtakiwa nayo yeye, kuzamisha meli bila onyo. Wakili wake alipata majibu ya maandishi kutoka kwa Amiri Chester Nimitz wa Marekani, na yalimuunga mkono. Mahakama ikatamka kwamba adhabu yake haikupimwa kwa makosa ya vita vya nyambizi. Akafungwa miaka 10 kwa makosa mengine. Waandikie wote kwa pamoja hoja yao kubwa, kwamba hakuna sheria iliyosema kuanzisha vita vya uvamizi ni jinai ya mtu binafsi wakati walipovianzisha. Mahakama iliijibu kwa kurejea mkataba wa mwaka 1928 wa kukataa vita. Binafsi naliona jibu hilo dhaifu. Lakini lipo, limeandikwa, na wewe na mimi tunaweza kulikosoa leo kwa sababu lipo. Kati ya washtakiwa 22 waliotolewa hukumu, 12 walihukumiwa kifo, 7 walifungwa na 3 waliachiwa huru. Watatu hao ni ushahidi mzuri kwamba kusikilizwa kulikuwa na maana, ingawa ukweli unabaki kwamba washindi hawakujishtaki wenyewe.

Kasoro iko wapi: sheria, mwenendo au adhabu?

Ukishapata hoja isiyojibiwa, ipe mahali. Inawezekana sheria yenyewe ni mbovu, au sheria ni nzuri na kesi iliendeshwa vibaya, au yote yalikwenda sawa na adhabu ikapita kiasi. Watu wawili wanaweza kugombana usiku kucha kuhusu kesi moja kumbe mmoja anazungumzia sheria na mwenzake adhabu.

Kesi ya Rivonia huko Afrika Kusini, ya Nelson Mandela na wenzake walioshtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali ya ubaguzi wa rangi, inafaa sana kwa zoezi hili. Ukipima mwenendo peke yake, washtakiwa walikuwa na mawakili hodari wakiongozwa na Bram Fischer, mashahidi walihojiwa, na Rusty Bernstein aliachiwa huru. Tarehe 20 Aprili 1964 Nelson Mandela alizungumza kwa saa kadhaa kutoka kizimbani na alikiri kwamba alishiriki kupanga hujuma. Kwa hiyo aliyeshindwa alisikilizwa? Alisikilizwa chumbani. Hakusikilizwa pale sheria ilipotungwa, kwa kuwa Bunge lililoitunga lilichaguliwa na watu wa rangi nyingine. Mwaka 1962, katika kesi nyingine, alikuwa ameshaiambia mahakama kwamba hajioni amefungwa na sheria za Bunge asilokuwa na mwakilishi ndani yake. Wanane walihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964. Kasoro ya Rivonia iandike kwenye sheria, tena kwa wino mzito.

Upande wa adhabu msome Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 KK, ambaye sheria zake zimechongwa kwenye jiwe refu jeusi lililopo makumbusho ya Louvre, Paris. Kila mtu ananukuu jicho kwa jicho. Wachache huendelea mistari michache mbele. Jicho kwa jicho ilikuwa kwa mtu huru wa tabaka la juu aliyeumizwa. Ukimtoboa jicho mtu wa tabaka la chini unalipa madini ya fedha ya uzito wa mina moja, kama nusu kilo, na akiwa mtumwa wa mtu unalipa nusu ya bei yake. Adhabu inakuambia nani alihesabiwa kuwa mtu. Hata hivyo jiwe hilohilo lina sheria ninayoipenda: jaji aliyekwisha kutoa hukumu na kuitia muhuri, kisha akaibadilisha, atalipa mara 12 ya kiasi kilichodaiwa katika kesi hiyo, ataondolewa kitini mbele ya baraza na hatakaa tena na majaji. Zaidi ya miaka 3,700 iliyopita, mtu alifikiria namna ya kumlinda aliyekwisha kuamuliwa.

Kwenye sinema na jukwaa

Hadithi za kubuni zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mtunzi anajua nani ana hatia na anakuambia mapema. Muziki unakuambia. Uso wa mwigizaji unakuambia. Sinema za mlipiza kisasi anayeingia usiku na kumaliza wahalifu zinasimama juu ya msingi huo tu: tumeonyeshwa kosa kwa macho yetu, basi kesi ya nini? Katika maisha hakuna aliyeonyeshwa. Ukitazama sinema ya namna hiyo, funika kichwani kila tukio ambalo hakuna shahidi ndani ya hadithi aliyeliona, kisha ujiulize mlipiza kisasi anajua nini hasa. Mara nyingi utabaki na uvumi na jina.

Sinema za mahakama ni ngumu zaidi kupima, na ndizo ninazozipenda. Ile ya Sidney Lumet ya mwaka 1957, 12 Angry Men, karibu yote inapita ndani ya chumba kimoja ambamo raia 12 wanaamua hatima ya kijana anayeshtakiwa kumuua baba yake. Kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anasita. Mshtakiwa tunamwona kidogo tu mwanzoni, na mpaka mwisho hatuambiwi kama aliua. Hilo ni jambo la heshima kubwa kwa mtazamaji. Lakini tumia kipimo chetu. Upande wa mashtaka ulidai kisu kilichotumika ni cha aina isiyo ya kawaida. Yule mjumbe anayesita anachomoa kingine kinachofanana nacho, alichokinunua mwenyewe mtaani, anakichomeka mezani. Watazamaji hushangilia. Mimi namtafuta aliyeshindwa, na safari hii ni upande wa mashtaka, pamoja na marehemu wanayemsemea: ushahidi umeingia chumba cha faragha bila wao kuuona wala kuujibu. Ni kosa lilelile la Paris, ila hapa limefanywa na mtu mwema kwa nia njema. Kama lilikuwa baya kwa Dreyfus, ni baya hapa pia. Sinema inabaki nzuri. Naionyesha kwa kila kijana anayetaka kuwa wakili, na pale kisu kinapotua mezani naisimamisha na kumwuliza, nani hayupo?

Kisha soma Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare ambao Julius Nyerere aliutafsiri mwaka 1969, na upunguze mwendo ukifika onyesho la mahakama. Shylock, mkopeshaji Myahudi, anadai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, mfanyabiashara aliyeshindwa kumlipa deni. Sote tumefurahia Portia, aliyejifanya mwanasheria, alipomnasa: chukua nyama yako, damu usimwage hata tone. Sasa kaa upande wa Shylock. Aliingia kama mdai mwenye hati, katika shauri la deni. Mwamuzi wa sheria aliyeletwa ni mtu aliyejificha ndani ya mavazi ya kiume, hana sifa ya uanasheria, na ameolewa na Bassanio, ambaye ndiye aliyetumia fedha zilizokopwa. Dai likishaanguka, palepale anasomewa sheria nyingine inayomfanya mgeni aliyekusudia kumuua raia: kutoka mdai anakuwa mshtakiwa bila siku hata moja, bila wakili, bila kuulizwa unasemaje mpaka adhabu yake imeshatamkwa. Anapoteza mali na anaamriwa kubadili dini. Dai lake lilikuwa la kikatili na lilistahili kukataliwa. Kila kilichofuata baada ya kukataliwa ni kesi ya pili isiyosikilizwa, na huwa nashangaa jinsi inavyopita haraka tukiwa bado tunapiga makofi.

Pale ambapo hakuna hukumu

Wakati mwingine jamii huamua kusamehe, na hapo utadhani hakuna aliyeshindwa. Yupo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilipokea zaidi ya maombi 7,000 ya msamaha kutoka kwa watu waliotakiwa kueleza ukweli wote wa makosa yao ya kisiasa. Aliyesamehewa hakuweza kushtakiwa wala kudaiwa fidia. Familia ya Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi aliyefia mikononi mwa polisi, na nyingine zilikwenda Mahakama ya Katiba kupinga, zikitaka kesi, na mwaka 1996 zikashindwa. Waandikie sentensi zao sita. Nadhani ndizo ngumu kuliko zote katika mwongozo huu, kwa sababu majaji waliwasikiliza, waliwajibu kwa upole na kwa kirefu, na bado ukimaliza kusoma jibu hilo unajua kwamba wale waliopoteza mtoto na mume ndio walioombwa kulipia amani ya wengine. Kusikilizwa kulitimia. Hakukuwatosha, na sitawaambia kwamba kuliwatosha.

Kwa zoezi lako la kwanza chukua mwanafalsafa Socrates, aliyehukumiwa kifo Athens, mwaka 399 KK, kwa kutoheshimu miungu ya mji na kupotosha vijana, ambapo mambo yamegeuka: aliyeshindwa ndiye tunayemsikia. Utetezi wake tunao kwa kalamu ya Plato na ya Xenophon, wote wawili wafuasi wake, lakini hotuba za washtaki wake, Meletus, Anytus na Lycon, hazikutufikia. Waandikie wao. Kumbuka kwamba miaka michache tu kabla ya hapo mji ulikuwa umetoka chini ya utawala wa umwagaji damu wa watu thelathini, kiongozi wao Critias alikuwa amewahi kuwa miongoni mwa waliomzunguka Socrates, na msamaha wa mwaka 403 KK ulikataza watu kushtakiana kwa mambo ya wakati huo. Kwa hiyo katika sentensi zako sita, jina la Critias usilitaje.